Kiangazi Mürren: Namna ya Kupumzika Juma Zima katika Kijiji cha Theluji Kisicho na Magari

Mürren ni kijiji kidogo cha Uswisi kilichokaa juu ya genge, kwenye kimo cha mita 1,650 hivi, na wakazi wake wa kudumu hawafiki elfu moja. Hakuna barabara ya umma inayofika huko. Unapanda kwa gari la waya, yaani kile kibanda kinachoning'inia kwenye kamba za chuma, au kwa gari la waya na kisha treni ndogo ya mlimani. Ng'ambo ya bonde, mbele ya madirisha, imesimama milima mitatu: Eiger (mita 3,967), Mönch (zaidi kidogo ya 4,100) na Jungfrau (4,158).

Wapenzi wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji wanakijua kijiji hiki kwa sababu nyingine. Mwingereza Arnold Lunn aliandaa hapa mashindano ya slalomu (kuteleza kwa kupinda kati ya nguzo) mwaka 1922, mashindano ya kwanza ya dunia ya mbio za kuteleza mlimani yakafanyika hapa mwaka 1931, na mbio za Inferno zilizoanza 1928 bado zinakimbiwa kila Januari. Lakini wageni wa kwanza wa Mürren walikuja kiangazi. Treni yake ilianza kazi mwaka 1891, miaka mingi kabla ya mtu kufikiria kupanda huko wakati wa baridi kwa starehe. Kwa hiyo ukienda Juni au Septemba hujakosea msimu. Huo ndio msimu wa asili wa mahali pale.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja, maana ushauri wote unaofuata umejengwa juu yake: utulivu wa Mürren haupo saa zote. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wageni wa siku moja hupanda kutoka Interlaken na Lauterbrunnen, huko bondeni, wakapiga picha, wakanunua kahawa, wakashuka. Kabla na baada ya hapo kijiji ni cha wenyeji na waliolala humo. Anayelala bondeni akapanda mara moja ataona mandhari, lakini utulivu hataupata. Lala juu, lala usiku mwingi, na upange matembezi yako kwa kufuata saa hizo.

Hatua ya 1: Chagua juma lako

Kuna nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzo wa Julai. Maua ya malisho yamechanua, maporomoko yamejaa maji ya theluji inayoyeyuka, na shule nyingi za Ulaya bado hazijafungwa. Kasoro yake ni kwamba njia za juu, hasa zinazozidi mita 2,000, zinaweza kuwa na mabaki ya theluji. Ya pili ni Septemba, hasa wiki mbili za kwanza. Hewa ni safi zaidi, ngurumo za alasiri zimepungua, na ng'ombe wanaanza kuteremshwa kutoka malisho ya juu wakiwa wamevikwa kengele kubwa.

Mwisho wa Julai na nusu ya kwanza ya Agosti ni likizo za shule. Kama una watoto huna budi, na bado utafurahi, ila weka nafasi mapema. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya taifa la Uswisi, yenye mioto mikubwa na fataki. Ni siku nzuri kwa mwenye kupenda shamrashamra.

Aprili, Mei na Novemba usiende. Hoteli nyingi hufungwa kati ya misimu, na magari ya waya husimamishwa kwa zamu ili yafanyiwe ukaguzi na matengenezo. Hata Juni na Oktoba, angalia kwanza ratiba ya magari ya waya, kisha ndipo ulipie chumba.

Hatua ya 2: Viza, kwa anayeihitaji

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu 2008. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Omani anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe kuliko siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Kiangazi miadi hujaa, na uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45 pale ombi linapohitaji kuchunguzwa zaidi. Ada ya mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Hakikisha pia bima hiyo inagharimia uokoaji wa mlimani kwa helikopta, maana bima nyingi za bei rahisi huliacha jambo hilo.

Kuna kundi linalosahaulika. Mtanzania au Mkenya mwenye kibali halali cha kuishi Ujerumani, Ufaransa, Italia au nchi nyingine ya Schengen anaingia Uswisi kwa kibali hicho na pasipoti yake, bila viza nyingine, kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Lakini mwenye kibali cha kuishi Uingereza anayetumia pasipoti ya Afrika Mashariki anahitaji viza, kwa sababu Uingereza haimo Schengen.

Weka nafasi ya malazi inayoweza kufutwa bila gharama hadi viza itoke. Ombi lenye mahali pamoja pa kulala kwa juma zima pia hueleweka haraka kuliko ratiba ya miji sita.

Hatua ya 3: Malazi

Una njia mbili: hoteli, au nyumba ya likizo yenye jiko lake. Mimi naiunga mkono nyumba yenye jiko kwa familia yoyote na kwa mtu yeyote anayekaa zaidi ya siku nne. Chakula cha mkahawani Uswisi ni ghali kweli, na sahani moja ya kawaida kwa mtu mzima hupita faranga 25 kwa urahisi. Ukiwa na jiko, unakula nje siku mbili tatu kwa kuchagua, si kwa kulazimika.

Nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Unapolinganisha bei, uliza kama ada ya usafi wa mwisho, mashuka na kodi ya mgeni vimo ndani, maana mara nyingi huongezwa baadaye. Kodi ya mgeni hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na kwa kawaida unapata kadi ya mgeni. Uliza kadi hiyo inakupunguzia wapi, usiitie tu mfukoni.

Omba chumba au nyumba inayotazama bonde, hata ukilipa zaidi kidogo. Hapa gharama hiyo inastahili. Kijiji kinatazama mashariki; jioni jua huzama nyuma yako, kijiji kikaingia kivulini, huku Jungfrau ng'ambo ikiendelea kung'aa kwa rangi ya chungwa kisha waridi kwa muda mrefu. Mwenye roshani ya upande huo halazimiki kwenda popote.

Kama Mürren imejaa au bei imekuzidi, tazama Gimmelwald, kitongoji kidogo zaidi kilicho chini yake kwenye mita 1,363. Huko ni wakulima wa mlimani, nyumba za mbao na mabweni ya bei nafuu. Maduka hayapo ya kutosha, kwa hiyo nunua chakula kabla hujafika.

Hatua ya 4: Kufika, bila kupanda behewa lisilo lako

Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich unasafiri kwa treni hadi Interlaken Ost, kwa kawaida kupitia Bern, na unakaribia saa mbili na nusu. Kutoka Genève ni zaidi kidogo ya hapo. Interlaken Ost unabadili treni kwenda Lauterbrunnen, dakika 20 tu.

Hapo ndipo wengi hupotea. Treni inayotoka Interlaken Ost hugawanyika njiani, kwenye kituo cha Zweilütschinen: nusu moja huenda Lauterbrunnen na nusu nyingine huenda Grindelwald. Soma kibao cha jukwaani na maandishi ya behewa kabla hujapandisha mizigo.

Lauterbrunnen, gari la waya liko ng'ambo ya barabara mbele ya kituo. Linakupandisha Grütschalp (mita 1,486), na hapo treni ndogo inakungoja ikupeleke Mürren ukingoni mwa genge. Keti upande wa kushoto. Njia ya pili ni basi nambari 141 kutoka Lauterbrunnen hadi kituo cha gari la waya cha Stechelberg, kisha kupanda moja kwa moja. Njia mpya ya gari la waya ya Stechelberg hadi Mürren, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2024, ina mwinuko mkali ajabu. Mwenye kuogopa kimo apite Grütschalp. Anayefika usiku sana atazame ratiba ya upande wa Stechelberg.

Unayekuja na gari kutoka Ujerumani au Ufaransa, nunua stika ya barabara kuu ya faranga 40, kisha uache gari kwenye maegesho ya Lauterbrunnen au Stechelberg. Halitakwenda mbali zaidi ya hapo.

Mjulishe mwenye hoteli treni utakayofika nayo. Wengi hutuma kigari cha umeme kuchukua mizigo. Ukiwa peke yako na sanduku la magurudumu, kumbuka kijiji kina miteremko.

Kuhusu tiketi, wageni hushawishiwa kununua Swiss Travel Pass, kadi ya kusafiri bila kikomo. Ni kadi nzuri kwa mwenye kuzunguka kila siku, nayo inakufikisha hadi Mürren bila malipo ya ziada. Lakini wewe unakwenda kukaa. Kwa juma la kukaa mahali pamoja, kadi ya nusu nauli ya mwezi mmoja mara nyingi hutosha, na inapunguza pia bei za magari mengi ya waya, likiwemo la kilele cha Schilthorn, juu ya Mürren. Piga hesabu ya safari zako halisi kwenye SBB Mobile, programu ya simu ya shirika la reli la Uswisi, kabla hujaamua. Kwa siku ya kufika na ya kuondoka, tazama tiketi ya siku nzima ya bei ya punguzo, ambayo huuzwa kuanzia miezi 6 kabla na hupanda bei kadiri siku inavyokaribia.

Hatua ya 5: Chakula, na la halali

Mürren kuna duka la Coop, dogo lakini lina mahitaji ya msingi. Kwa manunuzi makubwa, tumia Coop iliyo karibu kabisa na kituo cha Interlaken Ost ukiwa njiani. Mchele mzuri, viungo, nazi ya kopo na unga wa ugali beba kutoka nyumbani au mjini. Huko juu usivitegemee.

Kwa Waislamu: nyama ya halali usiitarajie kijijini. Inunue Zürich, Bern au Genève, au panga juma la samaki, mayai, jibini na mboga, jambo ambalo katika nchi ya maziwa si adhabu. Mkahawani soma maneno haya kwenye orodha: Speck, Schinken na Schwein yote ni nguruwe, na Wurst ni soseji ambayo mara nyingi ina nguruwe ndani. Rösti, viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, mara nyingi hutiwa Speck, lakini mpishi atakutengenezea bila hiyo ukisema mapema. Fondue ya jibini hupikwa kwa mvinyo mweupe na mara nyingi pombe ya cheri, kwa hiyo iache. Raclette, jibini lililoyeyushwa na kumiminwa juu ya viazi, haipikwi kwa mvinyo. Älplermagronen, yaani makaroni na viazi katika krimu na jibini, inayoliwa na rojo ya matofaa, huwashibisha watoto vizuri. Uliza tu kama imetiwa Speck.

Msikiti hakuna. Kibla ni kusini-mashariki, na kwa bahati njema ukiwa Mürren huo ni karibu upande wa kilele cha Jungfrau, kulia kwake kidogo. Thibitisha kwa dira ya simu. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, basi isha inachelewa mno na alfajiri inakuja upesi. Panga usingizi wa mchana, hasa kwa wazee.

Maji ya bomba ni ya kunywa, na yale ya mifereji ya mbao kijijini pia, isipokuwa palipoandikwa "Kein Trinkwasser" (si maji ya kunywa). Chupa moja ya kujaza inakutosha.

Hatua ya 6: Begi

Usidanganyike na neno kiangazi. Mchana wa Julai unaweza kuwa wa fulana, usiku ukashuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na huko Schilthorn ukakuta theluji inaanguka. Beba nguo za tabaka: fulana, sweta, koti la mvua lisilopitisha upepo. Viatu viwe na soli yenye meno. Raba laini za mjini huteleza kwenye nyasi zenye umande. Kofia, miwani ya jua na losheni ya kujikinga na jua havikwepeki, na hili nalisema kwa msisitizo kwa watu wa ngozi nyeusi: kwenye kimo hicho, palipo na theluji inayorudisha mwanga, nasi pia tunaungua.

Plagi za Uswisi ni za aina yake. Ile nyembamba ya pini mbili ya Ulaya inaingia, ile nene ya Kijerumani haiingii, na ile ya pini tatu za bapa tunayotumia Tanzania, Kenya na Uingereza inahitaji adapta. Simu nayo ina mtego: laini ya Ujerumani au Ufaransa haitumiki bure Uswisi kama inavyotumika ndani ya Umoja wa Ulaya, isipokuwa kifurushi chako kiwe kimeitaja nchi hiyo. Uliza kampuni yako kabla hujavuka mpaka, au zima data.

Hatua ya 7: Siku zenyewe

Siku ya kwanza usipande popote. Mürren haizidi Nairobi kwa kimo, kwa hiyo mtu wa Nairobi hatasikia kitu, lakini anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Maskati anaweza kupumua kwa nguvu kwenye mteremko. Tembea njia kuu ya kijiji kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nunua maziwa, kaa.

Kisha jifunze alama, nazo ni chache. Vibao vya njano huonyesha jina la mahali na muda wa kutembea, bila mapumziko. Muda huo ni wa mtu mzoefu. Wenye watoto waongeze nusu yake. Alama ya njano tupu ni njia ya kawaida. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, inayotaka viatu vizuri na kichwa kisichozunguka. Nyeupe-buluu-nyeupe ni ya watu wenye ujuzi na vifaa, wewe igeukie kisogo.

Matembezi ya kuanzia ni ya Mürren hadi Grütschalp, sambamba na reli, karibu tambarare, saa moja na nusu hivi. Toka saa moja asubuhi. Njia ni yako na ndege, na milima mitatu iko mkono wako wa kulia mwendo mzima. Katikati ni Winteregg, penye mkahawa na jibini la mlimani linalotengenezwa hapo hapo. Unarudi kwa treni huku wageni wa siku ndio wanapanda.

Siku nyingine panda Allmendhubel (mita 1,907) kwa treni ya kuvutwa kwa kamba ya chuma, iliyoanza mwaka 1912, na inayomaliza safari yake kwa dakika chache. Juu kuna njia fupi ya maua na uwanja wa michezo wa watoto, wenye maua makubwa ya kupanda na kuteleza. Wazazi wanaweza kukaa hapo nusu siku. Mwenye miguu mizuri aendelee na njia iitwayo Northface Trail, inayopita malisho ya Blumental na Schiltalp na kurudi kijijini, saa mbili na nusu za kutembea bila pupa. Utapita katikati ya ng'ombe. Funga kila lango ulilofungua, usiguse waya wa umeme, na usimkaribie ndama hata akikujia mwenyewe, kwa maana mama yake hapendi. Ukisikia mluzi mkali kwenye mawe, tafuta marmoti, mnyama mnene wa jamii ya kindi, anayewaonya wenzake kwamba umefika.

Gimmelwald ni mteremko wa dakika 30 hadi 45 kutoka Mürren. Nenda alasiri, nunua jibini kwenye duka dogo lisilo na muuzaji, ambamo unaacha pesa mwenyewe, kisha urudi juu kwa gari la waya badala ya kuadhibu magoti.

Bondeni shuka siku moja tu, na ushuke mapema. Lauterbrunnen imezidiwa na wageni kiasi kwamba wenyeji wamejadili kuwatoza wanaokuja na magari kwa siku moja, na saa sita mchana barabara yake ndogo huwa haipitiki. Lakini Trümmelbach usiikose. Ni maporomoko 10 yaliyo ndani ya mlima wenyewe, yanayobeba maji ya mito ya barafu ya Eiger, Mönch na Jungfrau, hadi lita 20,000 kwa sekunde. Unapanda kwa lifti ndani ya mwamba, kisha unashuka kwa ngazi huku mlima ukitetemeka na maji yakikurukia. Vaa koti la mvua. Watoto wa chini ya miaka 4 hawaruhusiwi. Ukitoka hapo, tembea kandokando ya mto hadi Stechelberg, tambarare kabisa, na upande nyumbani kwa gari la waya bila kurudi kwenye msongamano wa Lauterbrunnen.

Schilthorn (mita 2,970), penye mkahawa unaozunguka, ni safari ya siku ya anga safi. Panda na gari la kwanza la asubuhi. Tazama kamera za moja kwa moja kabla hujalipa, maana saa nne mawingu yakishafunga umelipia ukungu. Hapo juu tembea polepole. Kichwa kikiuma, shuka, na kitapona njiani.

Swali litakuja kuhusu Jungfraujoch, kile kituo cha treni cha mita 3,454. Ni kazi kubwa ya uhandisi, iliyofunguliwa 1912. Kwa likizo ya namna hii nakushauri uiache. Inakula siku nzima na pesa nyingi, na inakurudisha katika umati ule ule uliokimbia. Mlima wenyewe unauona bure kutoka kitandani.

Acha siku mbili kati ya saba bila mpango wowote, hata mvua isiponyesha. Mvua ikinyesha, kuna kituo cha michezo chenye bwawa la kuogelea la ndani. Angalia saa zake, kwa sababu nacho hufungwa kati ya misimu.

Hatua ya 8: Hatari na adabu

Kiangazi, ngurumo huja alasiri. Anga inaweza kuwa buluu saa tano asubuhi na radi ikapiga saa tisa mchana. Soma programu ya hali ya hewa ya MeteoSwiss kila asubuhi, na uwe umerudi kutoka sehemu za juu kabla ya saa nane. Ukikutwa na radi, shuka kutoka kwenye mgongo wa mlima, achana na miti iliyosimama peke yake na waya za chuma. Namba ya dharura ni 112, ya gari la wagonjwa 144, na ya helikopta za uokoaji za Rega ni 1414. Ziweke kwenye simu ya kila mmoja, hata ya mtoto mkubwa. Baada ya kukaa nyasini, kagua miguu na makwapa kwa kupe.

Ratiba za treni huandikwa kwa saa 24: 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Nazo huondoka kwa dakika hiyo hiyo.

Ukipishana na mtu njiani, msalimie; huko mlimani kila mtu husalimia, na "Grüessech" inatosha. Kuanzia saa nne usiku sauti ishuke, hata kwenye roshani, na Jumapili nzima iwe ya taratibu. Taka hutiwa kwenye mifuko maalumu ya kulipia. Uliza mwenye nyumba yako inapatikana wapi. Droni usizirushe bila kusoma kanuni. Magari ya waya, helikopta na watu wanaoruka kwa miamvuli kutoka magenge ya bonde hili wanatumia anga hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Kuondoka

Kutoka mlango wa nyumba yako Mürren hadi uwanja wa ndege wa Zürich, hesabu saa nne, na uongeze saa moja ya tahadhari. Ndege ikiondoka kabla ya saa tano asubuhi, lala usiku wa mwisho karibu na uwanja. Usiku uliotangulia ulizia kama gari la waya la Grütschalp linafanya kazi asubuhi hiyo. Likisimama kwa upepo au matengenezo, pita Stechelberg, na uanze safari nusu saa mapema. Toa taka, osha vyombo, funga madirisha, acha ufunguo mahali mlipokubaliana, na mizigo iwe mlangoni wakati kigari cha umeme kinapofika.